Maji ya Moto na Swali la Mwanafunzi: Sura Moja ya Historia ya Udadisi Katika Shule za Tanzania

Shule ya kwanza ya serikali katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika ilifunguliwa na Wajerumani mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shabaha yake haikufichwa. Utawala mpya ulihitaji makarani, wakalimani na maakida waliojua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, watu ambao wangepokea amri kwa maandishi na kurudisha taarifa kwa maandishi. Shule iliyoanzishwa kwa kazi ya namna hiyo haikuwa na sababu ya kumtaka mwanafunzi aulize amri imetoka wapi au inafaa nini, kwa kuwa karani aliyeuliza hivyo alikuwa karani mbaya. Waingereza, waliopewa nchi hiyo kuitawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walirithi haja ileile wakaipanua. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 kuchunguza elimu ya Waafrika, ilipendekeza masomo yanayolingana na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na kazi za mikono, na mapendekezo hayo yaliathiri sera kwa miaka mingi. Waafrika wengi waliyatilia shaka wakiona kwamba wanapangiwa elimu ya daraja la pili, na shaka hiyo ilikuwa na msingi. Pamoja na hayo, kasoro iliyo kubwa zaidi kwa historia inayosimuliwa hapa ilikuwa nyingine: kazi ya mikono ilifundishwa kwa amri kama vile hesabu ilivyofundishwa kwa amri, na mwanafunzi aliyelima tuta kwa kipimo alichopewa hakuulizwa kama kipimo kingine kingezaa mahindi mengi zaidi.

Mitihani ndiyo iliyokaza zaidi hali hiyo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mtoto wa Kiafrika alichujwa mwishoni mwa darasa la nne, akachujwa tena mwishoni mwa darasa la nane, na wachache waliobaki walifanya mwishoni mwa kidato cha nne mtihani wa Cambridge, uliosimamiwa na chuo kikuu cha Uingereza kilichokuwa mbali kabisa na darasa alimoketi mtahiniwa. Kila hatua ilifunga mlango kwa wengi na kuufungua kwa wachache, kiasi kwamba mzazi aliyeuza ng’ombe kulipa karo hakuweza kuona faida yoyote katika swali lisilokuwamo kwenye muhtasari wa masomo. Mwalimu naye alikuwa amepita katika machujo hayohayo, akafanikiwa kwa kuhifadhi majibu yaliyotakiwa, na akapewa kazi ya kuwahifadhisha wengine. Haifai kumlaumu sana mtu aliyefanya kwa uaminifu kazi aliyopewa, lakini ni lazima kuutambua mfumo uliomfundisha kwamba swali ambalo hakuwa na jibu lake lilikuwa tishio kwa heshima yake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, mfumo huo haukubadilika kwa siku moja. Shule zilizotengwa kwa misingi ya rangi zilianza kuunganishwa, mtihani wa Cambridge ukaendelea, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, hata mwanafunzi aliyekuwa na jambo la kuuliza alilazimika kwanza kulitafutia maneno katika lugha ambayo hakuizungumza nyumbani. Ni katika shule za aina hiyo, miaka michache tu baada ya Uhuru, ambapo kijana mmoja aliuliza swali ambalo jina lake limebaki nalo katika vitabu vya fizikia duniani kote.

Erasto Bartholomeo Mpemba alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, iliyoko kwenye milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aisikrimu: walinunua maziwa kwa wanawake wa vijiji vya jirani, wakayachemsha, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe hadi yakaribie ujoto wa hewa ya chumbani, kisha wakayatia katika trei za kugandishia barafu ndani ya jokofu. Jokofu lilikuwa moja na watengenezaji walikuwa wengi, kwa hiyo nafasi iligombaniwa. Siku moja, Mpemba alipokuwa bado anachemsha maziwa yake, mwenzake mmoja aliamua kutochemsha kabisa, akachanganya maziwa mabichi na sukari na kuwahi nafasi yake. Mpemba aliona kwamba akisubiri maziwa yapoe atakosa trei iliyobaki, na ingawa alijua kuwa jokofu linaweza kuharibika kwa kutiwa kitu cha moto, aliyatia hivyohivyo yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu vijana hao wawili walirudi kutazama, wakakuta maziwa yaliyoingia yakiwa ya moto yamekwisha kuwa aisikrimu, na yale mengine yangali uji mzito usioganda.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, naye akamjibu kwamba lazima alichanganyikiwa, kwa kuwa jambo kama hilo haliwezi kutokea. Mpemba alilikubali jibu. Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu simulizi za aina hii hupenda kumchora mgunduzi kama mtu ambaye tangu mwanzo hakutikisika, hali huyu alitikisika: alikuwa ameona kwa macho yake, na mwenzake alikuwa ameona pamoja naye, lakini neno la mwalimu lilitosha kumfanya ayatilie shaka macho yake mwenyewe.

Kilichomrudishia imani hakikutoka shuleni. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisikrimu katika mji wa Tanga, naye akamweleza kwamba anapotaka igande upesi hutumia maziwa ya moto, na kwamba alijifunza hivyo kwa kaka yake aliyekuwa katika biashara hiyohiyo. Mpemba aligundua kuwa wauzaji wengine wa Tanga nao walifanya vivyo hivyo. Watu hao hawakuwa na nadharia yoyote ya kulinda, ila walikuwa na wateja waliosubiri na jua la pwani lililoyeyusha bidhaa yao, kwa hiyo walifuata njia iliyowapa matokeo. Historia ya sayansi ina deni kubwa kwa watu wa namna hiyo, mafundi, wapishi na wachuuzi, ambao maarifa yao hupatikana kazini na mara chache huingia kitabuni.

Alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, Mpemba alichaguliwa kuendelea na kidato cha tano katika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa. Majengo ya shule hiyo yalijengwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na baada ya Uhuru yalipewa jina la mtwa, yaani chifu, wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi kufa mwaka 1898. Huko darasa lilianza na mada ya joto, na mwalimu alipofundisha kanuni ya Newton ya kupoa, Mpemba alilifufua swali lake. Kanuni hiyo inasema kwamba kasi ya kitu kupoa inalingana na tofauti iliyopo kati ya ujoto wake na ujoto wa mazingira yake, kwa maana kwamba kitu cha moto sana hupoa kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua kadiri kinavyokaribia ubaridi wa mahali kilipo. Mwalimu alimjibu kama alivyojibiwa Magamba. Kijana alipoendelea kubishana, aliambiwa kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Kauli hiyo iliwafurahisha wanafunzi wenzake, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu au kusema jambo lisilo la kawaida walimcheka kwa kuliita jambo hilo la Mpemba.

Ni haki kueleza kwamba mwalimu huyo hakuwa mjinga, na hoja yake ilikuwa na mantiki. Maji yaliyoanza na nyuzi joto 100 lazima yapite katika nyuzi joto 35 kabla ya kufika kwenye kuganda, na yakifika hapo yatahitaji muda uleule ambao maji yaliyoanza na nyuzi 35 yaliuhitaji, hivyo ni lazima yachelewe. Hoja hiyo inasimama imara ikiwa jambo pekee linaloyatofautisha maji hayo mawili ni ujoto wake. Lakini maji yaliyopita katika moto si yaleyale tena: sehemu yake imekwenda na mvuke, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake imepungua, na ujoto wake haulingani juu na chini, kwa sababu maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na mwendo huo ukishaanza huendelea kwa muda. Kosa la mwalimu lilikuwa kuichukua kanuni, ambayo ni muhtasari wa mambo yaliyokwisha kuonwa, na kuitumia kukataza jambo jipya lisionwe. Kosa hilo wamelifanya watu wenye elimu kubwa kuliko yake, na hulifanya hadi leo.

Mchana mmoja Mpemba alikuta maabara ya baiolojia imeachwa wazi. Aliingia, akachukua bika mbili, yaani vyombo vya kioo vya kupimia, za sentimita za ujazo 50 kila moja, akajaza moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka zote katika sehemu ya kugandishia ya jokofu la maabara. Baada ya saa moja hakuna bika iliyokuwa imeganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto. Hapo ndipo udadisi wake ulipobadilika kuwa sayansi, maana hakuwa tena na kisa cha maziwa, sukari na haraka ya kugombania trei, bali vyombo viwili vinavyofanana, kiasi kimoja cha maji na tofauti moja tu aliyoichagua mwenyewe. Hakufundishwa kufanya hivyo katika kipindi chochote kilichoandikwa kwenye ratiba.

Katika kipindi hicho mkuu wa shule alimwalika Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aje kuzungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Chuo hicho chenyewe kilikuwa kichanga: kilifunguliwa Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria peke yake katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kwa wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mgeni alipomaliza kusema wanafunzi waliuliza maswali, wengi wakitaka kujua namna ya kupata nafasi za masomo na mambo kama hayo. Mpemba alisimama akauliza kwa nini, ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Ukumbi uliangua kicheko.

Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakati ule alidhani kijana amekosea. Hata hivyo alimwomba alirudie swali, akamwuliza kama ni kweli amelifanya jaribio hilo kwa mikono yake, na alipoambiwa ndiyo, alikiri mbele ya wote kwamba hajui jibu, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Sababu alizozitoa kwa mwenendo wake huo zinafaa kusomwa na kila mwalimu. Aliona kwamba wanafunzi wanapaswa kutiwa moyo wawe na tabia ya kuhoji na kupima mambo, kwamba hakuna swali linalostahili kufanyiwa dhihaka, na kwamba mambo ya kila siku mara nyingi si mepesi kama yanavyoonekana, kwa hiyo ni hatari kuamua juujuu lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Hakumsifu kijana kwa ajili ya kumfurahisha, wala hakudai kuamini jambo asiloliamini. Alilitendea swali la mwanafunzi kama ambavyo angelitendea swali la profesa mwenzake, na heshima hiyo ina thamani kubwa kuliko sifa.

Wanafunzi wenzake Mpemba hawakuliona hivyo. Wapo waliomwambia kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni, na wapo waliomwuliza kama aliielewa kweli mada ya Newton. Yeye alimwendea mpishi mkuu wa shule, akapata ruhusa ya kutumia jokofu la jikoni, akalirudia jaribio na wenzake wakashuhudia. Alipompelekea habari mkuu wa idara ya fizikia, huyu alisema kwamba haiwezekani lakini atajaribu mwenyewe, akajaribu, na akapata matokeo yaleyale. Badiliko hilo la mwisho ni dogo kwa kuliandika, ila lilikuwa kubwa kwa shule: mwalimu aliyetoka kwenye “haiwezekani” hadi “nitajaribu” katika mazungumzo mamoja alikuwa amevuka umbali ambao mfumo mzima wa mitihani haukuwa umemwandalia kuuvuka.

Huko Dar es Salaam, Osborne alimpa kazi hiyo fundi sanifu kijana wa maabara. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, kisha akaongeza kwa bidii kwamba wataendelea kulirudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi. Osborne aliliingiza tukio hilo katika maandishi yake, na linafundisha mengi kuhusu elimu ya wakati ule, kwani fundi huyo alikuwa na chombo mkononi na matokeo mbele yake, bado akaamini kwamba usahihi unakaa mahali pengine. Majaribio yaliendelea kwa utaratibu zaidi. Sentimita za ujazo 70 za maji zilitiwa katika bika za kioo za sentimita za ujazo 100, zikawekwa juu ya kipande cha povu la plastiki lisilopitisha joto kwa urahisi, ili kuondoa uwezekano kwamba chombo cha moto kiliyeyusha barafu chini yake na kugusana vizuri zaidi na jokofu. Ilionekana kwamba maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kuweza kueleza tofauti yote, na kwamba utando wa mafuta ukiwekwa juu ya maji kuganda huchelewa sana, jambo lililoonyesha kuwa joto jingi hutoka kupitia uso wa maji. Osborne alielekea kuamini kwamba maji yaliyoanza na joto kubwa hubaki na uso wenye joto kuliko sehemu ya chini kwa muda mrefu, na kwa njia hiyo hupoteza joto haraka zaidi.

Mwaka 1969 makala iliyobeba majina ya Mpemba na Osborne ilichapishwa nchini Uingereza katika jarida la Physics Education, linalosomwa na walimu wa fizikia. Sehemu ya kwanza ilisimuliwa na Mpemba kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake lilitangulia. Msomi anayechapisha ugunduzi ulioanzia kwa mwanafunzi huwa na njia nyingi za kumshukuru kwa mstari mmoja mwishoni na kubaki na heshima yote, lakini Osborne hakuzifuata. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Miaka miwili kabla ya makala hiyo, Machi 1967, Rais Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, wiki chache baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari. Nyerere alikuwa mwalimu kwa kazi kabla ya kuwa mwanasiasa, aliyefundisha Tabora na Pugu, na alikuwa na habari za ndani za ugonjwa aliotaka kuutibu. Andiko hilo hukumbukwa kwa mashamba ya shule, lakini ndani yake mna jambo zito zaidi. Alieleza kwamba elimu inapaswa kumjengea kila raia vitu vitatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine, kisha kuyakataa au kuyarekebisha yalingane na mahitaji yake, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake, anayethaminiwa kwa anachokifanya. Hata shamba la shule katika fikra zake lilikuwa mahali pa kufikiri, kwani alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua namna ya kuliendesha, wapime njia mbalimbali za kilimo na kuyaona matokeo ya maamuzi yao.

Katika utekelezaji, jembe lilifika shuleni upesi kuliko udadisi. Shamba laweza kukaguliwa na afisa elimu, ekari zake zikahesabiwa na magunia yake yakaandikwa katika ripoti, hali swali la mtoto halina safu katika fomu ya ukaguzi. Katika shule nyingi kazi ya shamba ikawa amri kama ilivyokuwa siku za wakoloni, na kuna shule ambako ilitumika kuwa adhabu, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha lililoandikwa. Hatua moja ya miaka hiyo iliyosaidia kweli ni kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, uamuzi uliompa mtoto wa darasa la kwanza uwezo wa kuuliza kwa lugha anayoielewa.

Jitihada nyingine ya wakati uleule haijulikani sana, ingawa inastahili. Kuanzia katikati ya miaka ya 60 ulikuwapo mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioshirikisha nchi kadhaa zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, na kusaidiwa na kituo cha Education Development Center cha Massachusetts, Marekani. Wabunifu wake waliandaa masomo yaliyotumia vitu ambavyo mtoto anavyo tayari, kama vile mchanga, maji, mbegu na vipande vya waya. Somo moja lilihusu yule mdudu mdogo anayechimba vishimo katika mchanga mkavu ili kuwanasa sisimizi, na mafundisho yake hayakuwa orodha ya sehemu za mwili wa mdudu, ila mwaliko kwa watoto wamwulize mdudu mwenyewe kwa kumfanyia majaribio na kutazama atakavyofanya. Eleanor Duckworth, mtafiti kutoka Kanada aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva, alipewa kazi ya kuupima mpango huo nchini Kenya. Badala ya kuwapa watoto karatasi ya maswali, aliwapa vifaa na kuwaacha wafanye watakavyo, akaangalia wangapi wangebuni jambo la kufanya na ni la kina kiasi gani. Watoto waliopitia mpango huo walibuni mambo mengi zaidi na ya namna nyingi zaidi kuliko wenzao. Kipimo hicho ni jibu zuri kwa wanaodai kwamba udadisi haupimiki: unapimika, ila kwa mpimaji aliye tayari kukaa na kutazama.

Tanzania ilijaribu pia kuushika mtihani wenyewe. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967 kuchukua nafasi ya Cambridge. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi zake za mwaka mzima na mwenendo wake vihesabiwe. Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli katika umiliki wa mtihani. Katika tabia yake mtihani ulibadilika kidogo sana, kwa sababu nafasi za sekondari zilibaki chache, na penye nafasi chache mtihani huwa bwana hata ukiandikwa na ndugu. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2005, uliojengwa juu ya umahiri, na ule wa Kenya wa mwaka 2017, unaoitwa mtaala wa umilisi, yote miwili ilikusudia kupima anachoweza mwanafunzi kukifanya badala ya anachokikumbuka. Lakini kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za Tanzania zisizo na maabara walifanya mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa alieleza kwa kalamu jaribio ambalo hakuwahi kulifanya na kutoa matokeo ambayo hakuwahi kuyaona. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi baada ya mwaka 2004 upungufu huo ulienea, hadi Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila shule ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Mtu anayefundishwa kuandika matokeo asiyoyaona anafundishwa, bila mtu yeyote kukusudia, somo lilelile aliloambiwa Mpemba alipokuwa kidato cha tatu.

Swali la Mpemba, kwa upande wake, liliendelea na safari. Mwaka uleule wa 1969 mwanasayansi wa Kanada, George Kell, alichapisha makala juu ya jambo hilohilo bila kuijua kazi ya Dar es Salaam, akaieleza tofauti hiyo kwa maji kupungua kwa njia ya mvuke. Wasomaji walikumbusha kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes waligusia habari ya maji ya moto kuganda upesi, lakini fizikia ya karne zilizofuata iliwasahau, na jina lililobaki ni la kijana wa Magamba: leo wanasayansi huliita jambo hilo athari ya Mpemba. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika idara ya wanyamapori hadi kustaafu. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza jambo hilo na kupokea majibu yapatayo 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, na katika shughuli za kumtangaza, mwanzoni mwa mwaka 2013, Mpemba na Osborne walikutana tena London.

Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti uliohoji kama athari hiyo ipo kweli katika maji. Walionyesha kwamba kukihamisha kipimajoto sentimita moja tu kwenda juu au chini kunaweza kuleta tofauti inayofanana nayo, na katika majaribio yao hawakuona uthibitisho wa kuaminika. Wapo waliodhani kwamba utafiti huo umemvunjia Mpemba heshima, ilhali watafiti hao walifanya yale ambayo yeye aliomba yafanywe tangu mwanzo: walichukua vyombo, wakapima, wakasema walichokiona. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walitumia chembe ndogo sana zilizosukumwa kwa miali ya leza ndani ya maji, wakaonyesha kwa uhakika kwamba mfumo unaoanza na joto zaidi unaweza kuutangulia ulioanza na joto kidogo katika kufikia utulivu, na tangu hapo wanafizikia wamekuwa wakiitafuta athari hiyo katika mifumo ya kikwantamu, yaani katika mwenendo wa atomu moja moja. Kuhusu maji ya kawaida katika jokofu la kawaida, hakuna maelezo mamoja ambayo watafiti wote wameyakubali hadi sasa.